Madoa ya Mama Anita na Mdomo Wangu

Swali la kwanza mnaloniuliza ninyi vijana ni jina la krimu. Hata hamjanijulia hali. Mtu anaingia hapa nyumbani kwangu Gitega, anakaa, anakunywa chai yangu, kisha anageuza shavu upande wa dirisha na kusema, "Mama Savera, hili doa nipake nini?" Nikimuuliza doa limetoka wapi, ananitazama kama nimemwuliza jina la babu wa babu yake. Yeye anataka kopo. Nimetibu ngozi za watu miaka mingi, kwanza Muyinga, halafu hapa Gitega mpaka nikastaafu, na kama kuna kitu nilichokidharau kwa moyo wangu wote ni kopo. Basi kaeni niwasimulie, na anayetaka jina la krimu aende zake sasa hivi, maana chai yenyewe imebaki kidogo.

Mimi nilikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, ndiyo maana majirani husema Kiswahili changu ni cha redioni. Niliporudi na cheti changu cha uuguzi nilipangiwa Muyinga, nikakabidhiwa kwa muuguzi mmoja mzee aliyetoka Kivu ya Kusini. Tulimwita Papa Bahati. Chumba chake kilikuwa na meza, dirisha kubwa, na beseni la maji. Nilikidharau siku hiyo hiyo. Nilidhani mtu anayetibu ngozi lazima awe na mashine inayowaka taa.

"We keti," akaniambia. "Mgonjwa akiingia, usiseme kitu. Angalia tu."

Akaingia msichana aliyejipaka poda mpaka masikioni. Papa Bahati akamsogezea beseni na kipande cha sabuni.

"Osha uso kwanza, dada. Mi sitibu poda."

Msichana akanawa kwa hasira. Mzee akaishika mikono yake, akavikunja vidole, akatazama vifundo. Uso ulikuwa maji ya kunde, vifundo vilikuwa vyeusi ti. Mtu anayejichubua hupaka uso kwa bidii, lakini ngozi ya vifundo ni ngumu, haikubali upuuzi.

"Mufuko iko wapi?" mzee akauliza.

"Mfuko gani, Papa?"

"Ile yenye uliachia dada yako pale inje."

Dada mtu akaitwa kutoka kwenye benchi, na kweli alikuwa na mfuko wa plastiki umejaa tyubu na makopo. Miaka yote niliyofanya kazi hii, mfuko umekuwa pale nje, kwa dada, kwa shangazi, kwa rafiki anayejifanya amekuja kupimwa presha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuona mtu akificha dawa ya maradhi na maradhi yenyewe ameyabeba usoni.

Siku hiyo, msichana alipoondoka, Papa Bahati alinipa somo ambalo vitabu vyangu vya Tanzania havikunipa.

"Sikiya, Savera. Ngozi yetu iko na kinyongo. Unaikosea kidogo tu, inaweka. Sasa mutu anataka kufuta kinyongo, na mwenye kukosea angali ndani ya nyumba. Itawezekana namna gani?"

Ndiyo hivyo. Sisi watu weusi, mbu akituuma, chunusi ikitoka, wembe ukikwaruza, jeraha linapona na weusi unabaki miezi. Doa ni habari ya mwisho ya kitu kilichotangulia. Chunusi zikiendelea, madoa yataendelea, hata upake dhahabu. Tibu kwanza kinachowasha, kinachochoma, kinachokwaruza. Usisugue kwa jiwe. Usikamue limau usoni halafu ukatoka juani. Wala dawa ya meno si ya mashavu. Ingekuwa ya mashavu, wangeiita hivyo. Nimeyasema haya mara ngapi? Na bado juzi kijana mwenye simu ya bei kubwa alinionyesha video ya binti anayejisugua kwa sukari na limau, akaniuliza kama naona jinsi anavyong'aa. Nikamwambia hata kidonda kibichi kinang'aa.

Msidhani ni wanawake tu. Pale Muyinga tulikuwa na shemasi mmoja, hodari wa kuhubiri dhidi ya kujichubua. Yezebeli hakupumzika Jumapili hata moja. Kumbe kidevuni ana vipele vya wembe na madoa, na anapaka krimu ya mke wake kila jioni. Alikuja kwetu kwa mlango wa nyuma. Papa Bahati akamtazama chini ya dirisha akamwambia, "Shemasi, wacha wembe. Ndevu zimee."

"Kanisani watasema nini?"

"Kwani Musa alinyoa?"

Aliacha wembe, baadaye akawa anapunguza kwa mkasi tu, vipele vikaisha, madoa yakafifia polepole kwa nusu mwaka. Hakutuombea hata sala moja ya shukrani.

Na wapo waliotuletea jambo jingine kabisa wakidhani ni doa. Msichana mmoja alikuwa na shingo nyeusi, nene kama mahameli, na shangazi yake alikuwa akimsugua kwa jiwe kila Jumamosi akimwita mchafu. Tulimpima, tukakuta sukari imepanda. Shangazi alisugua ugonjwa wa sukari kwa jiwe la mtoni! Kwa hiyo mkiona shingo ya namna hiyo, wekeni jiwe chini mkapime damu. Na mkiona doa lililofifia ambalo ukiligusa kwa unyoya mwenyewe hahisi, hilo si la krimu wala la aibu, lipelekwe kupimwa ukoma mapema.

Msinione najua. Kosa langu la kwanza kubwa nilimfanyia mama mmoja muuza vitenge wa pale pale Muyinga. Alikuwa amepaka tyubu kali miaka minne, zile zenye steroidi ndani, ngozi imekuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Papa Bahati hakuwepo. Mimi nikampa hotuba ndefu, nikachukua tyubu zake zote nikazitupa chooni mbele ya macho yake. Nilijiona mtume. Wiki haikuisha, uso wake ukavimba, ukawaka, vipele vikamtoka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Akarudi kwa aliyemuuzia, na yule akamwambia, unaona, muuguzi amekuharibu. Hatukumwona tena.

Papa Bahati alipopata habari aliniita mezani kwake. "Mutu alikuwa juu ya ngazi," akasema. "We ulimsukuma. Ngazi hawashukii hivyo."

Tangu siku hiyo nilijua: steroidi ya miaka huachwa kwa hatua, daktari akiandika kwa karatasi, leo hii kali, wiki kadhaa mbele isiyo kali, halafu siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kopo lenye zebaki, au lisilo na maandishi ukajua limo nini, hilo huachwa leo leo na mgonjwa akapimwe figo. Na hata dawa halali za kupunguza weusi daktari huzipa kwa muda aliouhesabu, kwa doa peke yake, na mwenye mimba au anayenyonyesha lazima aseme kwanza. Ukitaka kujaribu kitu kipya, jaribu kidogo chini ya taya, ngoja siku kadhaa. Uso si ubao wa kufanyia mazoezi.

Sasa nifike kwa Mama Anita, maana habari yake ndiyo nafsi yangu inayonidai niisimulie.

Nilikuwa nimeshahamia Gitega. Alikuja akitembea kwa miguu kutoka Bugendana, mkulima, mtu wa kukulia Tanzania kama mimi, wa kanisani, mpole mno. Madoa yake yalikuwa yale ya mimba: mawili mashavuni na moja juu ya mdomo, ambayo mimba ya mwisho iliyaleta na jua likayakoleza, ingawa mtoto alikuwa ameshaacha kunyonya. Hakuwa amepaka chochote. Vifundo vyake vilikuwa safi, wala nje hakuna mfuko. Aliniomba jambo moja tu.

"Mama muganga, nisaidie, lakini watu wasijue. Kule kwetu wakijua nimekuja kwa ajili ya uso, watasema nimeacha kulima nataka urembo. Hata binti yangu aliyeko Muyinga sijamwambia."

Nikamwambia hakuna atakayejua. Nilisema hivyo kwa urahisi sana.

Madoa yale adui yake mkubwa ni jua. Miezi michache kabla ya hapo alikuja mtaalamu mmoja kutoka Bujumbura kutufundisha, na kompyuta yake na viatu vyake vyeupe. Akasema mgonjwa asitoke nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Nikamwuliza maharage yatapaliliwa na nani. Akacheka akidhani natania. Akasema basi wapake krimu ya kuzuia jua kila saa mbili. Krimu yenyewe, ikipatikana, ile ya bei nafuu inaacha weupe usoni kama umetoka kusaga muhogo. Kwa anayeweza kuinunua, isiyoacha weupe, ni nzuri, apake wala asinione mbaya. Lakini mke wa mkulima wa Bugendana?

Basi mimi, mwerevu kuliko mtaalamu, nikaenda sokoni Gitega nikamnunulia kofia ya majani yenye ukingo mpana. Nikamvalisha mwenyewe. Nikajipongeza.

Akarudi baada ya miezi miwili, madoa yako vile vile. Akarudi tena baada ya miezi minne, yamezidi. Hapo dharau yangu ikapanda kichwani. Nikamwambia, "Mama Anita, unapaka mkorogo kwa siri."

Akatazama chini. "Ndiyo, Mama muganga."

"Unanidanganya."

"Ndiyo, Mama muganga. Nisamehe."

Nikamfukuza na hotuba. Jamani, ninyi mliozaliwa hapa mnajua tayari nilichokosea. Mtu wa kilima, mwanakijiji kama yule, hawezi kumbishia muuguzi aliyevaa koti jeupe. Alikubali kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu kunikatalia ingekuwa utovu wa adabu.

Wiki chache baadaye nilikwenda Bugendana na wenzangu kwa kazi ya chanjo. Njiani, kwenye mteremko, tunapishana na baiskeli iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi, na juu ya baiskeli mwanamume, na juu ya mwanamume kofia yangu. Nikasimamisha pikipiki.

"Bwana, hiyo kofia umeitoa wapi?"

"Hii? Ni muganga wa Gitega alipatia bibi yangu." Alikuwa Salvatori, mume wa Mama Anita, na alifurahi kweli kuulizwa. "Iko mzuri sana. Inakataza jua vile inafaa."

"Na yeye jua lake linakatazwa na nini?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama asiyejua kuvaa viatu. "Sasa yeye anabebaka na kichwa, Mama. Atabeba aje na kofia?"

Wenzangu wa chanjo walicheka mpaka nikaona haya mara mbili. Nilimkuta Mama Anita akipanda kutoka bondeni, kapu la mihogo kichwani juu ya kata ya majani ya migomba, jua limempiga usoni wazi. Asubuhi anabeba mbolea, mchana mihogo, jioni maji. Kichwa chake hakikuwa na nafasi ya kofia tangu alipokuwa na umri wa kujua kutembea. Na mimi niliyekuzwa na mama aliyebeba kichwani vile vile, nilikuwa nimesahau, kwa sababu siku hizi nabeba mkoba.

Nikamwomba radhi pale pale njiani. Alishtuka zaidi kwa radhi kuliko alivyoshtuka kwa matusi.

"Basi tutafanyaje?" nikamwuliza. Ndilo swali nililopaswa kuanza nalo.

Akafikiri. Tulipofika kwake akaingia ndani, akatoka na ungo mkubwa wa kupepetea. Akauweka juu ya kata, kapu akaliweka juu ya ungo. Ukingo ukamfunika uso mpaka kidevuni. Akatembea hatua kumi uani, akageuka, akacheka kwa aibu. Kivuli kilitembea naye.

Mtaalamu wa Bujumbura hakuwa na hilo kwenye kompyuta yake.

Kwa hiyo ungo, na kupalilia alfajiri na jioni pale kazi ilipokubali, na kitambaa kikishushwa mpaka kwenye nyusi. Daktari wetu akamwandikia tyubu ndogo isiyo kali, ya kupaka usiku juu ya doa tu. Miezi mitatu ya kwanza hakuna kitu. Mwezi wa sita ukiangalia vizuri unaona. Karibu na mwaka, madoa ukawa unayatafuta kwa macho. Sikuwahi kufurahia kazi yangu kama nilivyoufurahia uso ule.

Na hapo ndipo mdomo uliponza kichwa, ila kichwa hakikuwa changu.

Asubuhi moja benchi la nje lilijaa watu wenye mifuko yao, kila mtu anataka kupona kabla ya Krismasi. Nikatoka kuwatia adabu. Nikasema, "Kuna mama mmoja wa Bugendana, madoa yake yalikuwa makubwa kuliko yenu wote, watoto wawili wadogo na msichana mkubwa fundi cherehani, mkulima hohehahe, na leo uso wake umenyooka. Ninyi mna haraka ya nini?" Niliwaeleza na habari ya ungo, niliwaeleza na habari ya subira. Wao walisikia uso umenyooka tu. Nilipenda jinsi walivyonyamaza kunisikiliza, nikaongeza na chumvi kidogo.

Mmoja wa waliokuwa kwenye benchi alikuwa mke wa mfanyabiashara wa vipodozi. Hata mwezi haukuisha, kwenye soko la Makebuko na la Mutaho likatokea kopo dogo lisilo na maandishi, la mchanganyiko wa rangi ya maziwa yaliyolala, linaloitwa "dawa ya mama wa Bugendana". Likafika mpaka Muyinga. Likawa na sauti yake kwenye WhatsApp: mama mkulima, hohehahe, uso umenyooka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na lile kopo lilitembea kuliko mimi nilivyotembea maisha yangu yote.

Nilipolisikia nilicheka. Naomba mlijue hilo. Nilisema wajinga ndio waliwao, nikaendelea na kazi.

Halafu siku moja Mama Anita akaja na binti aliyejifunika kitenge mpaka machoni. Anita mwenyewe, fundi cherehani kutoka Muyinga, anayetarajiwa kutolewa mahari baada ya wiki tano na familia ya Makebuko. Alipofunua kitenge, niliona uso uliobabuka, mahali pekundu, mahali peusi, mdomo umezungukwa na vipele. Shingo na mikono hivyo hivyo. Sikuhitaji kuuliza mfuko. Mama yake alilitoa kopo mwenyewe akaliweka mezani.

"Nani amekuuzia?" nikauliza, na sauti yangu niliisikia imekuwa ndogo.

"Pale sokoni Muyinga," Anita akasema. "Kopo mbili za kwanza nikawa mzuri kabisa. Nilinunua kwa sababu walisema ni ya mama wa Bugendana. Nikasema, huyo ni mtu wa kwetu, hawezi kutudanganya." Akamgeukia mama yake. "Mama, we unamjua huyo mama? Ni nani?"

Mama Anita alinitazama mimi. Muda wote aliokuja kwangu alikuwa akitazama meza au mikono yake. Siku hiyo alinitazama machoni, na niliona anahesabu watu waliojua, na anafika kwa mmoja.

Nikampa Anita sabuni nikamtuma kwenye beseni la nje akanawe. Mlango ulipofungwa nikasema, "Ni mimi. Nilikutaja kwenye benchi. Jina sikulitaja, lakini nilitaja Bugendana, nilitaja watoto, nilitaja fundi cherehani. Nilitaka wanisikilize."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Atapona?" akauliza.

"Atapona. Si upesi, na si kabla ya mahari."

Nilimweleza matibabu mbele ya binti aliporudi. Kopo linaachwa leo, kwa sababu hatujui limo nini, na figo zinapimwa. Badala yake daktari ataandika tyubu inayojulikana, ya kushukia ngazi polepole. Na hata hivyo wiki zinazokuja uso utakuwa mbaya zaidi kabla haujaanza kuwa mzuri. Anita akaanza kulia.

"Mwezi mmoja tu, Mama muganga. Niachie nipake mwezi mmoja. Wageni wakiondoka, naacha. Naapa."

Nisikilizeni, hasa wale kati yenu mnaosomea uuguzi mkitaka kurithi koti langu. Nilifungua mdomo kukubali. Mimi, Savera, niliyewacheka wote wenye makopo. Nilikuwa na deni kwa mama yake, na nilitaka kulilipa kwa kumpa mtoto kitu anachokililia, hata kama kitu chenyewe ni sumu. Hatia haijui uuguzi.

"Hapana," Mama Anita akasema kabla sijatoa sauti. "Wageni waje wamwone alivyo."

Majibu ya figo yalikuja mazuri, Mungu ashukuriwe. Ngozi ilichukua mwaka na zaidi. Lakini wageni hawakungoja mwaka. Walikuja siku yao, na mimi nilialikwa, nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai pale Bugendana, na kikombe cha bia ya ndizi mkononi.

Mnajua mambo ya kuomba mchumba yalivyo. Wanaosema ni wazee wawili, wa upande huu na wa upande ule, kwa mafumbo na masihara, na mama wa binti kazi yake ni kukaa kimya ameinamisha kichwa. Anita akatoka, amevaa imvutano yake, nguo imefungwa begani vizuri, na uso wake bila poda. Turubai zima likamkodolea macho. Mzee wa upande wa Makebuko, akitaka kuokoa hali kwa utani, akasema kwa Kirundi, nami nawapa kwa Kiswahili: "Sisi tuliomba ua. Mbona mnatutolea ua lililomwagiwa maji ya moto?"

Watu wachache walicheka. Anita alibaki amesimama. Salvatori alitazama miguu yake.

Mama Anita akasimama. Mwanamke yule ambaye hakuwahi kunibishia hata nilipomwita mwongo, alisimama katikati ya wazee.

"Yule mama wa Bugendana wanayemtaja kwenye makopo ni mimi," akasema. "Nilikuwa na madoa, nikatibiwa Gitega mwaka mzima. Lile kopo sijalipaka hata siku moja. Mtoto wangu aliungua akilifuata jina langu. Rangi aliyozaliwa nayo inarudi, muganga amesema itarudi. Mkitaka kumngoja, mngojeni. Mkitaka kuondoka, bia ipo, kunyweni kwanza, njia ni ndefu."

Hakuna aliyecheka. Kisha mama wa bwana harusi, mwanamke mnene aliyekaa mstari wa mbele, akainua mkono na kujishika shavu. Nikaona vifundo vyake, vyeusi ti. "Hilo kopo mi pia niko nalo pale nyumbani," akasema taratibu. Nyuma yake mwanamke mwingine akasema na yeye analo, na wa tatu. Mzee wa mafumbo akakohoa, akakaa, akaomba mazungumzo ya ng'ombe yaendelee, na yakaendelea.

Lakini kabla hayajaendelea, sauti ya mwanamke ikauliza kutoka upande wa Makebuko, kwa ukali: "Na ni nani alipelekea habari zako wale wauzaji?"

Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili. Mama Anita alijua nimekaa wapi. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, ndani ya gauni langu zuri, muganga wa Gitega anayeheshimiwa na wote.

"Watu walisikia tu," Mama Anita akasema, akakaa, wala hakugeuka upande wangu.

Siri yake mimi niliimwaga mbele ya benchi zima ili nipate kusikilizwa. Yangu aliifunika mbele ya ukoo mzima, binti yake akiwa bado amesimama pale na uso ule.